Baba mkwe anasema babu yao alipigana na Washington. Nimefukua daftari za mgambo, njooni muone

#1 Mkwe wa Lancaster

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, kila nikikaa kuandika zamu ya usiku inanikuta. Leo sina zamu, mvua inanyesha, chai iko mezani. Tuanze.

Mimi ni mtu wa Rorya, mkoa wa Mara, nimeoa huku Marekani, jimbo la Pennsylvania, kaunti ya Lancaster. Watu wa Mara mmeshatabasamu. Wamennonite, wale Wakristo waliofungua misheni Shirati mwaka 1934, walitoka huku huku, kwa hiyo hospitali niliyozaliwa ina mizizi kwenye mashamba ninayoyapita kila siku nikienda kazini. Hawa Wamennonite wawekeni pembeni kidogo, watarudi.

Ukoo wa mke wangu si Wamennonite, ni Walutheri, ila ni Wajerumani wale wale waliovuka bahari karne ya 18. Baba mkwe ana miaka 78, seremala mstaafu, mtu wa maneno machache. Hadithi yake ni moja tu, na huisimulia kila mwisho wa Mei, siku Wamarekani wanapowakumbuka askari wao waliokufa. Tunakwenda makaburini, anachomeka kibendera kando ya nyota ya shaba kwenye kaburi la Johannes, anavua kofia, anasema: "Huyu alipigana Brandywine, na Washington." Basi. Kisha tunakwenda kula. (Brandywine ni pigano la 1777 hapa Pennsylvania, kwenye vita vya Wamarekani vya kujikomboa kwa Mwingereza; Washington ndiye alikuwa jenerali wao.)

Sasa shuleni kwa binti yangu wakaambiwa waandae kazi kuhusu miaka 250 ya uhuru wa Marekani, kila mtoto na hadithi ya familia yake, yenye ushahidi. Binti akamfuata babu yake, babu akampeleka kwenye nyota ya shaba. Mwalimu akasema nyota iliwekwa na nani, lini, kwa karatasi gani? Iliwekwa na shangazi wa baba mkwe miaka ya 1930, karatasi hakuna. Binti akanigeukia: "Baba, si wewe kazini ndiyo unahakiki mizigo?" Kweli, niko bohari, kazi yangu ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Nikakubali. Usiku ndiyo nikagundua nimekubali nini. Sisi Wajaluo kwa mila za zamani mkwe hali meza moja na mama mkwe, sembuse kumwendea baba mkwe na kumwambia babu yako hakuwepo vitani.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo: nilianza na Johannes. Nikaandika jina mtandaoni, wakaja akina Johannes wa jina lile la ukoo mpaka nikachoka, na miti ya ukoo iliyochorwa na watu wasiojuana, wote wamenakiliana. Mti mmoja ulikuwa na mwanamke aliyejifungua akiwa na miaka tisa. Nikafunga kompyuta.

Unaanza na aliye hai. Unarudi nyuma hatua moja moja, na kila hatua uwe na karatasi inayosema huyu ni mtoto wa yule. Kutoka kwa binti yangu hadi kwa Johannes ni vizazi vinane. Mjukuu, kitukuu, kilembwe. Baada ya hapo hata sisi wenye lugha tunaanza kubishana.

Hatua za mwanzo hazina shida, vyeti vipo. Pennsylvania ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka 1906. Nyuma ya hapo unaegemea makanisa na sensa. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja jina la kila mtu huru ndani ya nyumba. Kuanzia ile ya 1790 hadi 1840 anatajwa mkuu wa kaya tu, wengine ni hesabu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watumwa wangapi. Mama aliyezaa watoto kumi na kuwalea wote anabaki kuwa tarakimu 1 kwenye safu. Na ile ya 1890 usiisumbukie, karibu yote iliharibiwa na moto wa mwaka 1921 mjini Washington.

Shimo langu lilikuwa kati ya kijukuu wa 1850 na Johannes mwenyewe. Wiki tatu nilimtafuta kwenye nyaraka za Lancaster, hayupo. Kumbe hakuhama yeye, ilihama kaunti. Dauphin ilimegwa kutoka Lancaster mwaka 1785, halafu Lebanon ikamegwa kutoka kwa hizo mbili mwaka 1813. Shamba moja, kaunti tatu, na karatasi za kila kipindi zimebaki pale makao makuu yalipokuwa wakati huo. Sisi wa Rorya hili lilipaswa kunijia mapema, maana tulikuwa Tarime hadi 2007, na mwenye faili la zamani la shamba bado anapanda gari kwenda kulitafuta huko.

Lebanon nikampata, kwenye wosia wa mwaka 1823. Wakuu, wosia wa Mjerumani wa Pennsylvania ni kitu cha kusoma taratibu. Mkewe anaachiwa chumba cha upande wa jiko, ng'ombe mmoja atakayemchagua mwenyewe, kuni zilizokwisha kupasuliwa na kufikishwa mlangoni, na haki ya kupita bustanini. Mtoto atakayerithi shamba ndiye anabebeshwa hayo yote. Halafu watoto wanatajwa mmoja mmoja, mabinti na waume zao. Pale chini pana saini: mwandiko wa Kijerumani wa kale, herufi zimelala kama majani yaliyopigwa na upepo, mkono wa mzee lakini mkono uliosoma. Ile saini ikaja kuniokoa baadaye.

Nasimama hapa, mtoto ameamka. Jioni naendelea.

#2 Kibuyu

Mkuu, "alipigana na Washington" ni alipigana upande wake au alipigana naye? Kiswahili kinadai ufafanuzi hapo. Isije ikawa tunachomeka kibendera kwa adui.

#3 Mpiga Kasia

Uzi mzuri ila naomba kuuliza bila ubaya. Babu wa mzungu sisi unatuhusu nini? Za kwetu wenyewe hatujazimaliza.

#4 Mkwe wa Lancaster

Mpiga Kasia, babu wa mzungu ni babu wa binti yangu. Nusu ya ukoo wake anaijua kwa wimbo. Marehemu baba alikuwa anawataja babu zetu hadi wa saba bila kumeza mate. Nusu nyingine nimfungie mlango?

Kibuyu umechekesha lakini umegusa penyewe. Mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, aliajiri askari wapatao 30,000 kutoka nchi za Kijerumani waje wapigane dhidi ya Wamarekani. Washington alipowavamia Trenton asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1776 alikamata karibu 900, na wengi wao walitembezwa hadi Lancaster. Wapo waliobaki baada ya vita, wakaoa huku. Kwa hiyo ukikuta Mjerumani Pennsylvania mwaka 1790, kabla ya kumvisha nyota unauliza alikuja lini na kwa tiketi ya nani.

Hilo bahati nzuri lina jibu. Kuanzia 1727 utawala wa Pennsylvania uliwataka wanaume wageni wanaoshuka Philadelphia wale kiapo cha utii na kutia saini, na orodha nyingi bado zipo. Wengi walitoka Palatinate, bonde la mto Rhine. Wakashuka na mto hadi Rotterdam, wakapitia bandari ya Uingereza, ndipo bahari kuu. Lakini orodha zina tundu kubwa: wanaotajwa ni wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Mke, mabinti, watoto waliofia njiani wakatupwa baharini, hawamo. Baba yake Johannes nilimkuta kwenye orodha ya Septemba 1751. Karani Mwingereza ameandika jina kwa alivyosikia, limevunjika vunjika, halafu pembeni mwenyewe amesaini kwa herufi zake. Johannes alizaliwa hapa hapa, 1754. Kwa hiyo huyu si askari wa kukodi wa mfalme. Kibuyu pumua.

Majina ni mtihani kwa kweli. Zimmermann anakuwa Carpenter, Schwarz anakuwa Black, Schneider anakuwa Snyder, na ndugu wawili tumbo moja wanaweza kufa na majina tofauti. Tena Wajerumani walimbatiza kila mtoto wa kiume Johann kitu fulani: Johann Peter, Johann Heinrich, Johann Georg. Nyumbani anaitwa hilo la pili. Ila Johannes, jina kamili, huyo ni Johannes kweli, na Waingereza wakamwandika John. Ukitafuta Johann ukidhani ni jina lake, umemaliza mwaka.

Sasa tuje kwenye mgambo. Sijaona lugha yenye neno zuri kwa kitu hiki kuliko yetu. La mgambo likilia kuna jambo, na Pennsylvania lililia rasmi tarehe 17 Machi 1777. Kabla ya hapo ulinzi wa jimbo ulikuwa wa kujitolea, jambo alilolianzisha Benjamin Franklin mwaka 1747, maana waasisi wa jimbo walikuwa Quaker, watu wasioshika silaha. Sheria ya 1777 ikasema kila mwanaume mweupe wa miaka 18 hadi 53 ataandikwa. Kila kombania ikagawanywa mafungu manane. Jambo likitokea linaitwa fungu la kwanza, linatumika miezi miwili, linarudi shambani. Likihitajika jingine linaitwa la pili, hivyo hivyo. Huendi? Tafuta mtu aende badala yako, au lipa faini.

Faini ndipo Wamennonite wanaporudi. Dini yao haiwaruhusu kuua, na mwaka 1775 wao na wenzao Wadunker walilipelekea bunge la jimbo tamko kwamba watamlisha mwenye njaa na kumtii mtawala, silaha hapana. Juni 1777 ikaja sheria ya kiapo cha kumkana mfalme, nayo ikawakaba, maana hata kuapa hawaapi. Wakawa wanalipa faini mwaka baada ya mwaka; asiyelipa anachukuliwa farasi.

Nilikuwa nasoma orodha moja ya faini kwenye mashine ya filamu, zile zenye picha za daftari za kale, nikasimama. Majina ya ukoo mle nilikuwa nayafahamu. Niliyasikia nikiwa mtoto, wazee wa Shirati wakiwataja wamisionari wao. Miaka 157 kabla ya wajukuu zao kufika Ziwa Victoria, karani wa kaunti amewaandika kwa mstari: hakuhudhuria, faini, hakuhudhuria, faini. Nilikaa pale kama dakika kumi sisogezi filamu.

#5 Jirani wa Kisumu

Osiepa, umenifunga hapa. Kwa hiyo Johannes jina lake likiwa kwenye orodha ya kombania mchezo umekwisha, si ndiyo? Mpe mzee nyota yake.

#6 Mkwe wa Lancaster

Jaduong', hapo ndipo shangazi wa baba mkwe alipoteleza, na sijui wangapi wameteleza pale pale.

Orodha ya kombania inasema kijana huyu anaishi kata hii na umri wake unamruhusu kuitwa. Haisemi aliitwa, na wala haisemi alikwenda. Hata Mmennonite wa faini yumo kwenye orodha ya kombania! Ukitaka kujua aliyekwenda unatafuta karatasi za aina nyingine: orodha ya fungu lililoitwa kazini, au malipo ya mshahara, au hesabu za karani wa kaunti. Shangazi alikuwa na vitabu vya serikali ya jimbo vilivyochapishwa mwaka 1906, akaona jina, akaona 1777, akaona nahodha ambaye kombania yake ilielekea Brandywine. Akaagiza shaba.

Nikaenda Harrisburg, kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Begi unaacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaandika kwa penseli kama mtoto wa darasa la pili. Siku ya kwanza nilipata nilichokiogopa: kata ile ilikuwa na akina Johannes wawili. Mmoja anaandikwa John, mwingine John mdogo. Nikadhani baba na mtoto. Siyo. Zama zile "mkubwa" na "mdogo" yalikuwa maneno ya kutofautisha tu, wanaweza kuwa binamu au wasiwe ndugu kabisa, na mkubwa akifa mdogo anapanda cheo anakuwa mkubwa. Hapo karani anakutengenezea mtu mpya bila kukusudia.

Wa Brandywine alikuwa huyo mdogo. Swali likawa babu yetu ni yupi.

Kilichowatenganisha ni kodi. Daftari za kodi za Pennsylvania ziliwaweka wanaume wasiooa ukurasa wao peke yao, wanatozwa kivyao. Mwaka 1779 John mdogo yuko kwenye ukurasa wa wasiooa, hana ardhi, hana ng'ombe. Wetu yuko na wenye mashamba: ekari 90, farasi wawili, ng'ombe watatu. Na rejista ya kanisa la Kilutheri inaonyesha wetu alimbatiza mtoto wa kwanza 1778, wasimamizi wakiwa Peter na mkewe Anna Maria. Wekeni majina hayo akilini. Halafu nikapata karatasi ya malipo ya 1777, ambayo John mdogo amepokea chake na kuweka alama ya X. X, wakuu. Na mimi ninayo saini ya wosia, ile ya majani yaliyolala. Mtu aliyefunzwa kuandika na mchungaji tangu utotoni haweki X.

Kwa hiyo shaba iko kwenye kaburi la mtu mwingine.

Niongeze chumvi kwenye kidonda: hata huyo wa X, mgambo wa Pennsylvania pale Brandywine tarehe 11 Septemba 1777 walipangwa na Jenerali John Armstrong upande wa kushoto kabisa, kwenye kivuko cha Pyle, na mapigano makali yalitokea upande mwingine. Walikuwepo, wakasikia mizinga, wakarudi nyuma na wenzao.

Niligeuza kila jiwe kumtafuta wetu. Nilikwenda kwenye pensheni kwa sababu huko ndiko kuna hadithi. Maofisi ya vita mjini Washington yaliungua Novemba 1800, kumbukumbu nyingi za utumishi zikateketea, kwa hiyo baadaye wazee walipoomba pensheni walilazimika kusimama mahakamani na kusimulia wenyewe: nani alikuwa nahodha, tulilala wapi, tulikula nini. Faili kama 80,000 zimebaki. Wajane waliokuwa hawana cheti cha ndoa walichana kurasa za Biblia za familia wakazituma serikalini, na wengine wakatuma vyeti vya ubatizo vya Kijerumani vilivyochorwa ndege na maua ya rangi. Vimo humo mpaka leo.

Lakini sheria ya 1818 ilikuwa ya wale wa jeshi la kudumu, maskini. Mgambo walikumbukwa na sheria ya Juni 1832, na ilitaka angalau miezi sita ya utumishi. Johannes wetu alizikwa 1823. Na mtu wa mafungu, miezi miwili hapa miwili pale, angeifikishaje sita? Kwa hiyo ukikosa faili la pensheni la mgambo wa Pennsylvania usikate tamaa, kulikosa ndiyo kawaida.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nimebakiza saa moja wafunge. Orodha ya fungu la nne, kiangazi cha 1781, kazi: kulinda wafungwa wa vita mjini Lancaster. Namba 17: John, jina la ukoo, na mbele yake karani ameandika kwamba yupo badala ya Peter. Peter yule yule, msimamizi wa ubatizo. Nikarudi kwenye rejista ya kanisa: Anna Maria, mke wa Peter, ni dada yake Johannes.

Alikwenda badala ya shemeji yake.

#7 Mama Sele

Nimesoma nimeshika roho. Mimi mume wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Virginia. Kwenye familia yake mambo ya vita vya uhuru ni ya wazungu, hawagusi. Umesema sheria iliandika wanaume weupe. Kwa hiyo kwetu ni ukuta?

#8 Mkwe wa Lancaster

Shikamoo Mama Sele. Hiyo ilikuwa sheria ya mgambo ya Pennsylvania. Kwa vita nzima, weusi waliotumika upande wa Wamarekani hukadiriwa kufika 5,000. Rhode Island mwaka 1778 ilifungua kikosi kwa watumwa, akitumika anakuwa huru. Wengine wengi walikimbilia Waingereza kwa sababu gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru Novemba 1775, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Na wamepatikana. Mwaka 1977 Karen Batchelor wa Detroit alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza anayejulikana kupokelewa na chama cha mabinti wa wanamapinduzi, kile kilichoanzishwa 1890, kupitia babu yake William Hood wa Pennsylvania. Chama hicho hicho mwaka 1939 kilimkatalia mwimbaji mweusi Marian Anderson kuimba kwenye ukumbi wake kwa sababu ya rangi yake. Profesa Henry Louis Gates naye mwaka 2006 alipokelewa chama cha wana wa wanamapinduzi, kupitia John Redman, mtu mweusi huru aliyepigana.

Swali la kumuuliza mkwe wako mzee ni hili: kuna tawi lililokuwa huru kabla ya 1865? Kama lipo, sensa ya 1850 inawataja kwa majina, na kaunti za Virginia zilikuwa na daftari za weusi huru, zenye urefu wa mtu na hata makovu yake. Kama hakuna, sensa ya kwanza ya majina ni 1870, na nyuma yake unapitia karatasi za aliyewamiliki: wosia, mgawanyo wa mirathi, hati za mauzo. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri na jinsia, jina ni la bwana tu. Kazi nzito, lakini siyo ukuta. Na ujue vyama hivyo havitazami bunduki peke yake. Aliyekula kiapo cha utii au aliyetoa nafaka kwa jeshi anahesabika pia.

#9 Binti Mkunazini

Kwetu Unguja nasaba mtu anaisoma fulani bin fulani bin fulani mpaka anafika Hadhramaut, na ukimuuliza karatasi anakutazama vibaya. Mashaallah kwa subira. Lakini hujatwambia la maana: mzee mmemwambia?

#10 Mkwe wa Lancaster

Nilijua mtauliza. Miezi miwili nilikaa nayo. Mke wangu akasema, "Mwambie tu, ni baba." Rahisi kwake.

Kwetu maneno mazito kati ya wakwe hupita kwa mshenga. Mshenga niliyekuwa naye ana miaka 11 na meno yamefungwa waya. Jumapili moja akaenda na karatasi zake kwenye karakana ya babu yake, mimi nikabaki mlangoni najifanya natazama randa. Akamwambia kwa sentensi mbili, kama watoto wanavyofanya: "Babu, wa Brandywine ni John mwingine. Wa kwetu alilinda wafungwa Lancaster badala ya shemeji yake."

Mzee hakujibu. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaomba kuona ile X na ile saini. Akaziweka sambamba kwenye benchi chini ya taa. Akapitisha ukucha juu ya saini polepole, kama anavyopima ubao kama umenyooka. Kisha akauliza: "Kwa nini Peter hakwenda mwenyewe?"

Binti alikuwa na jibu: mtoto wa Peter na Anna Maria alibatizwa Juni 1781, siku chache kabla fungu halijaitwa. Mzee akasema, "Basi alikwenda kwa ajili ya dada yake."

Mimi uhakiki ukanishinda, nikafungua mdomo pale mlangoni: karatasi haisemi hivyo, baba, inasema alikwenda badala yake, na watu wengi walilipwa kwenda badala ya wengine. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ungeenda?" Nikasema ningeenda. "Kwa pesa?" Nikanyamaza. Akacheka, nadhani ni mara ya tatu namwona akicheka tangu nioe.

Nyota bado ipo. Mwisho wa Mei tulikwenda kama kawaida, akachomeka kibendera, akavua kofia, akasimama muda mrefu kuliko siku zote. Akasema, "Huyu alilinda wafungwa." Tukaenda kula.

#11 Kibuyu

Na mtoto shuleni alipata ngapi?

#12 Mkwe wa Lancaster

B. Mwalimu alisema maelezo ni mazuri ila bango halina picha za kutosha. Sikumjibu.

#13 Mpiga Kasia

Mkuu, nilikuja kukubeza, narudi kukuomba. Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu, alikuwa anasimulia Burma, mvua na matope na ruba. Alifariki 1996. Tunaanzia wapi sisi ambao hatuna Harrisburg?

#14 Mkwe wa Lancaster

Unaanzia kwenye sanduku lake. Wazee wale waliporuhusiwa walipewa karatasi ya kuachishwa jeshi, na karatasi ile ina namba yake ya jeshi. Wenye karatasi mara nyingi waliiweka pamoja na kadi ya kodi au ndani ya Biblia au msahafu. Tafuta na medali, ile ya Burma ni nyota ya shaba yenye utepe wa rangi nyekundu, bluu na machungwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye masika, kwa hiyo mvua na matope vya babu yako vinaweza kuwa na mahali na mwezi. Andika kila kitu alichosimulia, hata jina la rafiki, hata la mpishi. Majina ya wenzake waliokufa yapo kwenye kumbukumbu za makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na jina la rafiki aliyekufa linaweza kukupa kikosi cha babu yako aliyerudi.

Nani yuko hai aliyeishi naye?

#15 Mpiga Kasia

Bibi. Ana miaka tisini na kitu, hasikii vizuri lakini kichwa kiko sawa. Nitampigia wikiendi.

#16 Mkwe wa Lancaster

Piga leo.